MBEGU MPYA, MBEGU YA WAZEE, NA TUMBO LA JIRANI



Kuna swali ambalo limeulizwa mara nyingi katika mikutano ya wamama wakulima, na hata mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Swali lenyewe ni hili: mbegu ambazo wenye elimu wamezibadilisha ndani ya labo, zile redio inaziita OGM, je, mtu wa Mungu aweza kuzipanda? Aweza kula bukari ya mahindi yake? Wengine wanajibu upesi kwamba ni kazi ya shetani. Wengine, hasa vijana waliosoma, wanajibu upesi vilevile kwamba ni dawa ya njaa yote ya dunia. Mimi naogopa majibu ya upesi. Jambo la chakula ni jambo la uhai wa watu, na uhai wa watu haupimwi kwa kelele.

Kwanza tukumbuke njaa yetu sisi wenyewe. Mwaka 2023 sote tuliona. Zambia ilipobana mahindi na unga unaopita Kasumbalesa, bei ya mfuko wa kilo 25 ilipanda zaidi ya mara mbili, na katika nyumba nyingi watu walikula mara moja kwa siku. Wamama waliongeza unga wa muhogo ndani ya unga wa mahindi ili bukari ifike kwa wote. Na hayo yalitokea katika nchi inayohesabiwa kuwa na hekta karibu milioni 80 za udongo wa kulima, ambazo sehemu inayolimwa ni kama 10 kwa mia tu. Leo wanaohesabu njaa katika Kongo nzima wanataja watu zaidi ya milioni 25. Basi mtu akija na habari ya mbegu inayozaa zaidi, hatuwezi kumfukuza kama tunavyomfukuza mwuza hirizi. Ni lazima tuketi tumsikilize, halafu tumwulize maswali.

Tena ni vizuri tujue tunalinda nini tunaposema "mbegu ya wazee". Mahindi si ya wazee wetu tangu mwanzo. Yalitoka Amerika. Muhogo pia ulitoka Brazili, Wareno wakauleta pwani ya Kongo zaidi ya miaka 400 iliyopita. Wazee wa zamani sana katika nchi hii walikula mtama na ulezi. Mahindi yalipata nguvu hapa Katanga kwa sababu ya migodi: Union Minière iliwagawia wafanyakazi posho ya unga, unga ule ukawa chakula cha kambi, kisha chakula cha watoto wa kambi, na leo sisi wajukuu tunasema mtu asiyekula bukari hajala. Sisemi hivyo ili kuwadharau wazee. Nasema hivyo kwa sababu wazee walikuwa watu wenye akili: waliona mmea mgeni, wakaujaribu, wakauchagua, wakautunza, mpaka mgeni akawa mwenyeji. Kulinda mila ya wazee ni pamoja na kulinda akili ile ya kujaribu.

MAMBO MATATU WATU WANAYACHANGANYA

Katika soko letu kuna mbegu ya mahindi inayotoka Zambia, yenye rangi nyekundu au ya kijani. Nimesikia mama mmoja akisema, "Ile ndiyo OGM, tazama rangi yake." Hapana. Rangi ile inaonyesha kwamba mbegu imepakwa dawa ya kuua wadudu wa udongoni, na ndiyo maana hatupaswi kuila wala kuwapa kuku. Mbegu yenyewe kwa kawaida ni hibridi. Hibridi inapatikana kwa kuoanisha mahindi ya aina mbili zilizotunzwa mbali mbali. Mtoto wao anakuwa na nguvu kuliko wazazi. Lakini mjukuu hana nguvu ile. Ukitunza punje za mavuno yako na kuzipanda mwaka unaofuata, shamba linarudi nyuma. Kwa hiyo, kununua mbegu kila mwaka si jambo lililoletwa na OGM. Wengi wetu tuko ndani yake tayari.

OGM ni jambo lingine. Hapo wenye elimu wanachukua kipande kidogo cha urithi wa kiumbe kimoja na kukitia katika kiumbe kingine. Mfano unaojulikana zaidi ni wa bakteria mmoja anayeishi udongoni, jina lake Bacillus thuringiensis. Bakteria huyu ana sumu inayoua viwavi. Wakachukua urithi wa sumu ile, wakautia ndani ya mahindi, na kiwavi akila jani anakufa. Tumbo la mtu si kama tumbo la kiwavi, kwa hiyo sumu ile haimshiki mtu.

Jambo la tatu ni mbegu iliyoboreshwa bila labo ya namna hiyo, kwa kuoanisha na kuchagua miaka mingi. Mahindi ya rangi ya machungwa yenye vitamini A, ambayo Zambia iliwapa wakulima wake mwaka 2012, ni ya namna hii. Si OGM, ijapokuwa rangi yake inawatisha watu kwa sababu wamezoea kuona mahindi ya njano yakija wakati wa msaada wa njaa.

Katika Kongo yetu, hadi sasa hakuna OGM iliyoruhusiwa kupandwa na wakulima. Lakini magunia hayana masikio, hayasikii amri za Kinshasa, na mpaka wetu ni mrefu. Ndiyo maana ni vizuri kufikiri mapema.

Wanaokataa kwa Maandiko wanataja kwanza Mwanzo 1, kwamba kila mmea uliumbwa kwa jinsi yake, na tena Walawi 19:19, ambapo Israeli wanakatazwa kupanda mbegu za namna mbili katika shamba moja. Naheshimu neno hilo. Lakini mstari ule ule unakataza pia nguo ya nyuzi za namna mbili, na ninyi nyote mnaosoma karatasi hii mmevaa nguo za namna hiyo. Unakataza pia kuoanisha wanyama wa namna mbili. Hata hivyo katika 1 Wafalme 1, siku Sulemani alipotiwa mafuta, alipandishwa juu ya nyumbu wa Daudi baba yake. Na nyumbu ni nini? Ni mtoto wa punda na farasi. Nabii Nathani alikuwapo siku ile, wala hakusimamisha ibada. Tunaona basi kwamba neno hilo peke yake halifungi mlango. Yakobo naye, katika Mwanzo 30, alichagua kondoo na mbuzi wenye nguvu apate kundi lake. Mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Neno la kuogopa hapa ni hilo la pili, kuitunza.

Wengine wanakataa kwa sababu ya afya. Wanasema OGM inafunga tumbo la uzazi, inaleta kansa. Mwaka 2016 chama kikuu cha wanasayansi wa Marekani, kinachoitwa Academies, kilitoa buku kubwa baada ya kupitia mamia ya uchunguzi. Hakikuona dalili kwamba vyakula vya OGM vinavyouzwa vinamdhuru mtu kuliko vyakula vingine. Afrika ya Kusini wanakula mahindi meupe ya OGM tangu mwaka 2001, na watoto wanazaliwa. Mhubiri anayetaka kukataa mbegu hizi atafute sababu nyingine. Uongo unaosemwa kwa nia njema ni uongo tu.

JIRANI YETU ZAMBIA, MWAKA 2002

Sasa nifike mahali ambapo dhamiri inapata kazi ngumu. Mwaka 2002 ukame ulishika kusini mwa Afrika. Watu zaidi ya milioni 12 katika nchi sita walikuwa katika hatari, na katika Zambia peke yake walihesabiwa karibu milioni 3. Marekani ikatuma mahindi kupitia Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa. Mahindi yale yalikuwa yamechanganyika na OGM. Zimbabwe, Malawi na Msumbiji, baada ya mashaka mengi, zilipokea, hasa kwa masharti kwamba yasagwe kwanza yasije yakapandwa. Zambia ilikataa yote, hata unga. Rais Levy Mwanawasa alisema kwamba hatawalisha watu wake sumu kwa sababu tu wana njaa. Alituma wanasayansi wake kwenda Ulaya, Marekani na Afrika ya Kusini kuchunguza, na mwezi wa 10 serikali ikashika neno lake: hapana.

Tukumbuke kwamba wakati ule ndugu zetu waliokimbia vita vya Pweto walikuwa ndani ya Zambia, katika kambi za Mwange na Kala, wakila kwa msaada. Kwa hiyo jambo hili lilitugusa sisi Wakatanga pia.

Je, Mwanawasa alifanya vizuri au vibaya? Nimewasikia watu wakimsifu kama Danieli, aliyekataa chakula cha mfalme. Mfano huo ni mzuri, lakini una tundu. Danieli alikataa sahani iliyowekwa mbele yake mwenyewe, na alikuwa na mboga ya kula mahali pake. Rais alikataa sahani iliyowekwa mbele ya mama wa kijijini, na yeye mwenyewe usiku ule alikula. Sisi katika kanisa tunajua kufunga. Tunajua kwamba kufunga ni sadaka ya mtu mwenyewe, kwa tumbo lake mwenyewe. Hakuna mtu anayefunga kwa tumbo la mwenzake. Mtu anayekuzuia kula akasema anafunga, huyo hafungi, anakunyima.

Lakini tusimalize shauri haraka, kwa maana upande wa pili nao una neno. Kwanza, mtoaji wa msaada alikuwa na mahindi mengi ya kuuza na alijua atanunuliwa tena kesho. Sadaka yake haikuwa bila hesabu. Pili, Zambia iliogopa kwamba punje zikipandwa zitachanganyika na mbegu za nchi, na Ulaya itakataa kununua mazao yake. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu: mahindi yanaoana kwa upepo, na punje ya msaada ikianguka karibu na nyumba itaota. Tatu, na jambo hili wasifu na walaumu wote wanalisahau, mwaka uliofuata mvua ilirudi, serikali ikasaidia wakulima wadogo kupata mbolea na mbegu hibridi za kawaida, na Zambia ikavuna vizuri bila OGM yoyote. Mwaka 2011 ilivuna tani karibu milioni 3. Unga tuliokula Likasi miaka mingi, unga uliosomesha watoto wetu baada ya Gécamines kuanguka, ulitoka katika mashamba hayo. Kisha ukame wa mwaka 2024 ukaangusha mavuno yao karibu nusu, na mwaka 2025 wakavuna tena zaidi ya tani milioni 3 na nusu. Mbegu ni zile zile za kawaida. Kilichobadilika ni mvua.

Kwa hiyo nasema hivi. Mwanawasa alikuwa na haki ya kuuliza, na alikuwa na haki ya kudai mahindi yasagwe. Wenzake walidai hivyo na watu wao wakala. Lakini alipokataa hata unga, ambao hauwezi kuota shambani, alivuka mpaka. Hofu ya mbegu ilikuwa imekwisha kwa kusaga. Kilichobaki ni hofu ya kula, na juu ya hiyo ilikuwa haki ya mwenye njaa mwenyewe aambiwe ukweli, "Unga huu ni wa namna hii," naye achague. Mjane wa Sarepta aliulizwa na Eliya juu ya unga wake wa mwisho. Hakunyang'anywa, wala hakuamuliwa na mtu mwingine.

NYIGU MDOGO KUTOKA PARAGUAI

Wale vijana wetu wanaosema kwamba bila labo dunia itakufa njaa, nataka wajue habari moja iliyoanzia hapa kwetu, na ambayo shule nyingi haziifundishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mweupe, laini kama unga, alionekana katika muhogo karibu na Kinshasa na Brazzaville. Wafaransa wanamwita cochenille. Alikuwa ametoka Amerika ya Kusini, pengine ndani ya vijiti vya muhogo vilivyobebwa na mtu. Katika Afrika hakuwa na adui. Akaenea nchi kwa nchi. Majani ya sombe yakajikunja, mizizi ikabaki kama vidole. Mamilioni ya watu walitishwa na njaa.

Ungepiga dawa? Nani ana pesa ya kupiga dawa mashamba ya muhogo kutoka Senegali mpaka Msumbiji? Chuo cha utafiti wa kilimo cha IITA, kilicho Ibadan katika Nijeria, kikamtuma mtu aitwaye Hans Herren na wenzake watafute adui wa mdudu huyo huko alikotoka. Mwaka 1981 adui alipatikana Paraguai: nyigu mdogo sana, mdogo kuliko punje ya ulezi, anayetaga mayai ndani ya mwili wa mdudu yule. Wakamchunguza kwanza wasije wakaleta balaa lingine, wakamzalisha, wakamwachilia. Nyigu akaenda mwenyewe kutoka shamba hata shamba, akamshinda mdudu katika nchi kama 30. Mkulima hakulipa hata franka moja. Wengi hawakujua hata kwamba kuna kazi iliyofanyika. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Hapo hapakuwa na OGM, wala hapakuwa na kurudi kwa jembe la babu peke yake. Palikuwa na elimu kubwa iliyoinama kutazama namna uumbaji ulivyopangwa tangu mwanzo.

Linganisheni na kiwavi aliyetoka Amerika na kuonekana katika Afrika mwaka 2016, anayeingia katika moyo wa mahindi na kuacha uchafu kama unga wa msumeno. (Sisemi zile mafinkubala tunazokaanga, hizo ni baraka.) Kwa kiwavi huyu mahindi ya OGM yanasaidia kweli. Nijeria iliyaruhusu mwaka 2024. Lakini katika kisiwa cha Puerto Rico, mwaka 2006, kiwavi huyo huyo alikuwa amekwisha kuzoea sumu ya mahindi ya namna moja. Afrika ya Kusini nako kiwavi mwingine wa shina alionekana mwaka 2007 akila mahindi ya OGM bila kufa. Wadudu nao wana wazee wao wanaowarithisha nguvu. Wanaojua kazi hii wanasema ni lazima kuacha sehemu ya shamba na mahindi ya kawaida, ili wadudu wasizoee wote. Mama mwenye nusu hekta karibu na Lufira, ataacha sehemu gani?

Na Burkina Faso walipanda pamba ya OGM tangu mwaka 2008. Viwavi walipungua, dawa ikapungua, wakulima wakafurahi. Lakini nyuzi za pamba zikawa fupi, wanunuzi wakashusha bei, na kufikia mwaka 2016 nchi ikaamua kuiacha. Shetani hakuwamo. Ilikuwa ni biashara tu, na mtu alitia urithi mpya katika pamba bila kutazama vizuri nyuzi.

MUHOGO SI MAHINDI

Hata hivyo kuna mahali ambapo mimi, kama ningekuwa na kura, ningeipiga upande wa labo. Ni kwa habari ya muhogo.

Mnajua ugonjwa wa majani yenye mabaka ya njano. Huu ulipiganwa kwa njia ya zamani, na kwa ushindi mkubwa. Katika miaka ya 1930 mwanasayansi mmoja, Storey, akifanya kazi Amani katika milima ya Usambara, Tanganyika, alianza kuoanisha muhogo na ndugu yake wa porini mwenye utomvu wa mpira, apate nguvu ya kushinda ugonjwa. Kazi ile ikapokelewa Ibadan baada ya miaka mingi, na ndugu zetu wa INERA pale Mvuazi, katika Kongo ya Chini, wakatoa aina nyingi za muhogo wenye nguvu. Ni kazi ya miaka zaidi ya 40, kupanda, kuchagua, kutupa, kupanda tena. Labo ya urithi haikuhitajika.

Lakini kuna ugonjwa mwingine, unaoitwa michirizi ya kahawia. Huu ni mwovu zaidi kwa sababu unajificha. Majani yanaonekana mazuri, mti umesimama, mama anahesabu chakula chake udongoni kama mtu anayehesabu pesa benki. Siku anapong'oa, mzizi umeoza ndani, mgumu na wa kahawia, hata nguruwe anaukataa. Zamani ulikaa pwani ya bahari ya Hindi. Mwaka 2004 ulilipuka Uganda, kisha ukaonekana upande wa Beni, na umeonekana pia kaskazini mwa Zambia, ng'ambo ya Pweto. Unakuja kwetu taratibu, juu ya vijiti ambavyo watu wanapeana kwa mapenzi. Kwa ugonjwa huu njia ya zamani imepata kidogo tu, kwa maana nguvu ya kuushinda ni haba katika mihogo tunayoipenda kula. Katika Kenya, labo ilitia ndani ya muhogo kipande kidogo cha urithi wa virusi chenyewe, ili mmea ujifunze kuwakataa, na mwezi wa 6 mwaka 2021 mamlaka ya nchi ile iliruhusu muhogo huo uendelee hadi majaribio ya mashambani. Kutoka hapo mambo ya OGM Kenya yameingia mahakamani na hayajatulia.

Tazameni sasa tofauti. Mahindi hibridi na mahindi ya OGM ni ya kununua kila mwaka. Muhogo hupandwa kwa vijiti. Mama akipata vijiti 10 safi, mwaka ujao ana 100, na anampa jirani, na jirani anampa dada yake wa Kapolowe, na hakuna mwenye duka katikati yao. Mbegu ya namna hiyo, hata ikitoka labo, inaingia katika desturi yetu ya kupeana. Watu wengi wanapinga OGM kwa sababu ya utumwa wa kununua, na wana haki. Lakini utumwa huo hauko katika mmea wote sawa sawa. Ni vizuri kuuliza mmea kwa mmea.

Na utumwa upo kweli. Mwaka 2013 mahakama kuu ya Marekani ilimhukumu mkulima mzee wa Indiana aitwaye Bowman, ambaye alinunua soya ya kawaida ghalani, akaipanda, akatunza mbegu, akapanda tena. Soya ile ilikuwa na urithi wenye hati ya kampuni ya Monsanto. Majaji wote 9 walisema amekosa. Mtu alilima, mvua ya Mungu ikanyesha, punje ikazaa punje, na punje ile ikahesabiwa kuwa ya mwingine. Mimi nikisoma habari hiyo namkumbuka Nabothi na shamba lake la mizabibu. Kwa hapa Afrika miradi mingi imeahidi kwamba kampuni hazitadai malipo ya hati kwa mkulima mdogo. Ahadi hiyo iandikwe, isomwe kwa lugha ya watu, ndipo tuiamini.

Katika Uganda bunge lilipitisha sheria ya mambo haya mwaka 2017, na Rais Museveni akairudisha bila kutia saini. Wakapitisha tena mwaka 2018, akairudisha tena. Sababu yake moja ilikuwa kwamba anataka uhakika mbegu za asili zisichanganywe, kwa maana wakulima wa kijijini wamezitunza na wana haki juu yake. Tunaweza kusema mengi juu ya mzee huyo, na sisi Wakongomani tuna mengi ya kusema, lakini kwa neno hili alisema jambo ambalo wanasayansi wake walikuwa wamelipita upesi.

Basi ninavyoona mimi, na kila mmoja apime: kazi ya kwanza ni ile ya kawaida, na bado hatujaifanya. Mahindi ya Kongolo na Kaniama yanachelewa njiani kwa wiki nyingi, na lori la Kasumbalesa linafika kwa siku moja. Shamba la serikali la Bukanga Lonzo lilianza mwaka 2014 kwa mashini nyingi, na mwaka 2017 lilikuwa limesimama; mbegu haikuwa na kosa, kesi iliyofuata ilikuwa ya pesa. Hapa Likasi kuna mabonde ambapo maji ya asidi yanayotoka katika kazi za shaba yamechoma udongo hata majani hayaoti, na hakuna labo iliyotoa mbegu ya kuota pale. Anayekuja kuniambia kwamba njaa ya Kikula itaondolewa na mbegu peke yake, namwonyesha reli na bonde hilo. Na anayeniambia kwamba tusiguse labo kamwe, namwonyesha mzizi wa muhogo uliooza ndani, nasubiri aniambie atampa nini mama yule.

Kuna jambo moja ambalo tunaweza kulifanya bila kungoja. Siku moja Zambia inaweza kubadili mawazo yake, au ukame utakuja na unga wa mbali utaingia, na hakuna atakayetuuliza. Wanaopima bidhaa pale Kasumbalesa ni watu wa OCC. Wamama wa ushirika wa wakulima wa Kikula wameshauriana kuandika barua kwao, kuomba kwamba unga au mbegu ya OGM ikipita, gunia liandikwe hivyo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Anayetaka kutia jina lake katika barua hiyo amwone katibu wa ushirika siku ya Jumatano baada ya maombi. Aje na kalamu, kwa sababu ile ya ofisi imekwisha wino.